Sumni Haishiki Mtu

Watu wa Makorora huniuliza kila Jumamosi:
Bi. Tunu, hilo Pijo utaliuza lini?
Nami huwajibu: likijifunza kusaini.

Nililinunua mwaka tisini na moja
kwa mhasibu wa shamba la mkonge.
Lina maili ambazo kipimo kilichoka kuzihesabu,
lina viti safu tatu, na mkia mrefu
kama hotuba ya mkuu wa shule,
na kutu.
Usisahau kutu. Tanga haikukopeshi chuma bila riba:
mchana unapaka rangi,
usiku hewa ya chumvi inapita kukagua,
inaingia chini ya mpira wa kioo,
inakula polepole kama mgeni mwenye adabu.

Maradhi yake nimeyajua
kama nilivyoyajua ya kina mama wa wodini, Bombo:
kwa sikio kwanza, kwa mkono baadaye.
Kikohozi cha kabureta kabla ya jua.
Bushi zilizokwisha, zinavyolalamika penye matuta ya Kange.
Rejeta ikipanda joto, ile harufu yake tamu,
harufu ya kusimama, kufungua boneti,
na kungoja, kitambaa mkononi,
maana mfuniko wa moto haufunguliwi na mwenye haraka.

Fundi Semkiwa, Barabara ya Kumi na Tano, hana bango.
Ana shimo moja, jeki mbili, na Zaituni,
mwanafunzi wake, miwani ya kuchomelea juu ya mtandio.
Mwaka huu nikamwambia: sitaki kuponya tu. Nataka kuongeza.
Akanitazama kama niliyetaka kumtia bibi meno ya dhahabu.
Nikamtajia:
rejeta ya mistari mitatu badala ya miwili,
moto wa kielektroniki, pointi tuzizike,
springi nne za nyuma, zije na basi la Mombasa,
taa zitakazomwona mbuzi kabla mbuzi hajatuona.
Na mikanda. Safu zote tatu.

"Mikanda? Si wewe uliyebeba watu kumi na wawili humu?"

Nilibeba.
Nilimbeba mama wa Pongwe, na mtoto hakuingoja Bombo.
Nililibeba jeneza la shoga yangu Mwanasha,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya mkonge.
Niliwabeba wanangu wamelala huko nyuma kama magunia,
wakibiringika kila kona, nasi tukicheka.
Tulicheka, Semkiwa.
Sasa mjukuu wangu ana miaka minne
na kicheko kile kinaniamsha usiku.

Hakusema kitu. Akaandika: mikanda, minane.

Zaituni alipokata sakafu iliyooza chini ya kiti cha mwisho
alitoa nyuzi za mkonge, pini ya nepi,
na sumni: sungura bado anakimbia
ingawa duka alilokuwa akilikimbilia limeshafungwa.
Nikasema itobolewe, iwe washa
ya boliti ya mkanda wa mtoto. Iwe ukumbusho.
Zaituni hakuinua hata kichwa.
"Sumni haishiki mtu, Bi. Tunu."
Akachagua chuma kigumu, akakaza mpaka spana ikalia,
kisha akaning'inia kwenye mkanda kwa uzito wake wote,
miguu hewani, ndani ya buti za kaka yake.
Mkanda haukutikisika.
Mimi nilitikisika.

Sumni tuliichomeka pembeni mwa kioo cha nyuma,
kile kilichogonga tangu siku ya kwanza.
Kikanyamaza.

Leo nimekwenda Muheza na kurudi,
mshale wa joto umelala katikati kama paka,
mjukuu kafungwa, kanuna, anataka kusimama.
Mwache anune.
Na katika ule ukimya mpya nikasikia,
mbele, gurudumu la kushoto,
mlio mwembamba, mwembamba kabisa.
Beringi.
Sijui imeniita miaka mingapi.
Jumamosi, basi. Semkiwa asifunge mapema.